Umekutwa na jiwe kwenye figo? Usiache maziwa

Mtu wa Kasulu au Kibondo akirudi kutoka hospitali na karatasi ya ultrasaundi inayosema ana jiwe kwenye figo, kabla ya jua kuzama nyumbani kwake chakula kimeshabadilishwa. Maziwa yanaachwa. Dagaa wanaachwa. Mara nyingine hata maharage yanaachwa, kwa sababu jirani amesema maharage yasiyochambuliwa vizuri yana mchanga, na mchanga huo ndio uliojikusanya ndani mpaka ukawa jiwe. Kisha mgonjwa anaishi kwa ugali wa muhogo na mboga iliyokolea chumvi, anakunywa maji pale tu anapohisi kiu, na baada ya mwaka mmoja au miwili anarudi na jiwe la pili.

Anashangaa. Kalsiamu ameiacha yote, sasa jiwe hili limetoka wapi?

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi katika miaka ya kutibu wagonjwa wa nyanda hizi za juu za Kigoma. Wiki hii nataka kulijibu kwa kirefu, maana jibu lake ni kinyume cha wengi wanavyodhani, na hofu ya kalsiamu inawaumiza hata watu ambao hawajawahi kuwa na jiwe, hasa wajawazito na watoto.

Tuanzie Uvinza

Kila mtu wa Kigoma anaijua chumvi ya Uvinza. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba pale walikuta kwamba watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi zile kwa zaidi ya miaka 1,000. Ukiyatazama maji yenyewe yakiwa ndani ya ndoo, chumvi huioni. Yaweke motoni. Maji yanapungua, yanazidi kupungua, mpaka inafika hatua ambapo yaliyobaki hayawezi tena kuibeba chumvi yote iliyomo. Hapo chembe za kwanza zinaonekana ukingoni mwa chungu, na zikishaanza, nyingine hujishikiza juu yake.

Figo zinafanya jambo linalofanana na hilo kila siku. Zinachuja damu na kutoa taka pamoja na madini ambayo mwili hauyahitaji, yakiwa yameyeyuka ndani ya maji. Huo ndio mkojo. Miongoni mwa vitu hivyo kuna kalsiamu, ambayo wengi wetu shuleni tulifundishwa kuiita madini ya chokaa, kuna oksaleti inayopatikana kwenye majani na mbegu tunazokula, kuna fosfeti na kuna asidi ya yuriki. Maji yakiwa mengi, vyote vinapita salama. Maji yakipungua, vinabanana na kushikana, na chembe ya kwanza inajitengeneza ikiwa ndogo kuliko punje ya ulezi. Isiposukumwa nje, inaongezewa tabaka juu ya tabaka. Kati ya kila mawe 10 ya figo, kama 8 yana kalsiamu ndani yake, hasa kalsiamu iliyoungana na oksaleti.

Kwa hiyo jiwe halikuingia kwa mdomo. Mchanga wa kwenye maharage, ule unaokwaruza meno, hauwezi kupenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Unapita njia ya chakula na kutokea chooni. Chambua maharage yako kwa ajili ya meno, si kwa ajili ya figo. Hata udongo ambao baadhi ya wajawazito hula hauendi kukaa kwenye figo. Una madhara mengine, na hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, kwa hiyo mweleze mkunga wako, lakini jiwe la figo tusilisingizie udongo.

Maji na chumvi

Mwaka 1996 madaktari wa Italia walichapisha matokeo ya utafiti uliowafuatilia kwa miaka 5 watu 199 waliokuwa wamepata jiwe kwa mara ya kwanza. Kundi moja lilielekezwa kunywa maji mengi. Kundi la pili liliendelea na desturi yake. Katika kundi la maji, watu 12 kati ya kila 100 walipata jiwe jingine. Katika kundi la pili walikuwa 27. Hapakuwa na kidonge wala sindano, yalikuwa ni maji tu.

Lengo ni mkojo wa siku nzima, mchana na usiku, ufike lita 2 hadi 2 na nusu. Kwa mtu anayelima juani, hiyo inaweza kumaanisha kunywa lita 3 au zaidi. Si lazima upime kila siku. Angalia rangi: mkojo wenye rangi hafifu ya majani makavu unatosha, ule wenye rangi ya chai ya rangi unakudai maji. (Ukinywa maji ya kutosha na rangi hiyo ikabaki, nenda ukapimwe, kwa sababu inaweza kuwa damu au ugonjwa wa ini.) Mwenye moyo ulioshindwa kazi au figo zilizochoka sana asifuate kipimo hiki kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Nyanda za juu zina udanganyifu wao. Asubuhi ya Juni au Julai, Kasulu na Kibondo kuna baridi, mtu anatoka na koti, kiu haihisi mpaka mchana, na wakati huo upepo mkavu wa kiangazi umeshamkausha. Kiu ni mlinzi anayechelewa kuamka. Mgonjwa wangu mwenye jiwe namwambia anywe vikombe 2 kabla ya kutoka nyumbani, abebe kidumu shambani, anywe tena kabla ya kulala hata kama italazimu kuamka usiku kwenda haja ndogo.

Najua ni rahisi kusema. Nimegundua jambo ambalo halisemwi sana: anayeteka maji ndiye anayeyanywa kidogo. Mama amebeba ndoo kutoka mtoni au bombani, anahesabu ya kupikia, ya kuogesha watoto, ya mifugo, yeye anakunywa yanayobaki. Mwingine hanywi makusudi, kwa sababu sokoni au shambani hakuna choo ambacho mwanamke anaweza kuingia kwa heshima. Katika kambi za wakimbizi za mkoa wetu, kama Nyarugusu iliyoanzishwa 1996, maji ni ya kupanga foleni. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura vinataka mtu apate angalau lita 15 kwa siku kwa matumizi yote, yaani kunywa, kupika, kuoga na kufua. Ukitoa 3 za kunywa kwa kila mtu mzima, unaona mwenyewe zinabaki ngapi. Kwa hiyo baba unayesoma hapa, ushauri wa kunywa maji kwa mkeo mwenye jiwe unaweza kuanza kwa wewe kubeba ndoo.

Chumvi nayo ina kesi ya kujibu kuliko maziwa. Figo inapotoa chumvi nyingi, inaivuta na kalsiamu kwenda nayo kwenye mkojo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kikiwa ni jumla ya chumvi yote iliyomo kwenye mboga, mkate na samaki. Samaki waliokaushwa kwa chumvi waloweke na umwage maji kabla ya kuwapika, na chombo cha chumvi kiondoke mezani.

Kwa nini maziwa yanasaidia

Madaktari wale wale wa Italia walirudi na utafiti mwingine mwaka 2002. Waliwachukua wanaume 120 waliokuwa na mawe ya kalsiamu ya kujirudia na kalsiamu nyingi kwenye mkojo. Nusu waliambiwa wapunguze kalsiamu kwenye chakula. Nusu waliruhusiwa kalsiamu ya kawaida, ila wapunguze chumvi na nyama. Baada ya miaka 5, waliopunguza kalsiamu ndio waliopata mawe zaidi, karibu mara 2 ya wenzao.

Sababu yake iko tumboni. Ukila mchicha, karanga, au ukinywa chai ya rangi iliyokolea, unaingiza oksaleti. Kama kwenye mlo huo huo kuna kalsiamu, hivi viwili vinakamatana ndani ya utumbo na kutoka pamoja chooni. Kama kalsiamu haipo, oksaleti inapita yenyewe kwenye damu, inafika kwenye figo, na huko inakutana na kalsiamu ya mwili wako. Mwili nao haukosi kalsiamu hata ukiacha maziwa, kwa sababu unaichota kwenye mifupa. Hivyo mgonjwa aliyeacha maziwa anajenga jiwe na kubomoa mfupa kwa wakati mmoja.

Sisi huku tuna bahati ambayo hatuithamini. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huliwa na mifupa yake, na mifupa hiyo ni kalsiamu. Mchicha uliochemshwa, maji yake ya kwanza yakamwagwa, kisha ukapikwa na dagaa waliooshwa chumvi, ni mlo mzuri kwa mtu mwenye jiwe kuliko mchicha peke yake. Chai ya maziwa ni bora kuliko chai ya rangi. Mtindi ni mzuri. Limao au ndimu iliyokamuliwa kwenye maji nayo inafaa, kwa kuwa ina sitreti, ambayo huizuia kalsiamu isishikane.

Ipo tofauti, na lazima niiseme. Wachache wana ugonjwa wa tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu, na kalsiamu kwenye damu yao iko juu. Hao wanahitaji tiba ya tezi. Vidonge vya kalsiamu vinavyonunuliwa dukani na kumezwa ovyo, bila chakula na bila sababu, navyo vinaweza kuongeza mawe. Ninachokitetea hapa ni kalsiamu ya chakula, na vidonge pale vinapokuwa na kazi.

Mahali pa kwanza penye kazi hiyo ni kliniki ya wajawazito. Wanawake wanaokula kalsiamu kidogo wakipewa vidonge vya kalsiamu wakati wa ujauzito, hatari ya shinikizo la damu la mimba linaloishia kwenye kifafa cha mimba hupungua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linavipendekeza katika nchi ambazo chakula chake kina kalsiamu haba. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika India na hapa kwetu Dar es Salaam, wajawazito 11,000 kila upande, uliolinganisha miligramu 500 kwa siku na miligramu 1,500. Kwa kuzuia shinikizo hilo la mimba, dozi ndogo haikuwa dhaifu kuliko kubwa. Halafu unakuta mama mkwe amevitupa vidonge vya mkamwana kwa hofu kwamba vitamtia mawe. Mama, vimezwe baada ya kula, maji yanywewe, na vidonge vya damu vipewe saa yake tofauti. Kifafa cha mimba kinaua mama na mtoto kwa siku moja.

Maumivu yanapokuja na homa

Jiwe likiwa limetulia ndani ya figo, mara nyingi haliumi. Linauma linapotoka na kukwama kwenye mrija mwembamba unaopeleka mkojo kibofuni. Maumivu yanaanza ubavuni, chini ya mbavu kwa nyuma, yanashuka kuelekea kinena, kwa wanaume hadi kwenye korodani. Yanakuja kwa mawimbi. Mgonjwa hatulii, anajigeuza, anasimama, anatembea, anatapika. Mwenye ugonjwa mwingine wa tumbo, kama utumbo uliotoboka, hulala kimya akiogopa hata kukohoa. Tofauti hiyo peke yake humsaidia sana daktari wa kituo cha afya kisicho na mashine. Mkojo unaweza kuwa na damu, hata kama macho hayaioni.

Jiwe dogo, chini ya milimita 5, mara nyingi hutoka lenyewe ndani ya wiki kadhaa ukipewa dawa ya maumivu na maji. La milimita 5 hadi 10, karibu nusu hutoka. Linalozidi hapo huwa linahitaji mkono wa daktari.

Kusubiri huko kuna mpaka wake. Maumivu ya ubavuni yakija pamoja na homa na kutetemeka, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Maana yake mkojo umezibwa na una vijidudu, usaha unaweza kuwa umejaa kwenye figo, na sumu yake inaingia kwenye damu. Antibayotiki peke yake haitoshi, ni lazima mkojo ufunguliwe njia. Tatizo letu ni kwamba Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Homa na kutetemeka vikimpata mtu, kila mmoja anasema malaria, anapewa dawa ya mseto, anarudishwa nyumbani. Na kipimo kinaweza kweli kuonyesha malaria! Vimelea kwenye damu havizuii jiwe kuwepo. Kama unaumwa ubavu mmoja na una homa, useme wazi kwa anayekupima, uonyeshe kwa kidole panapouma, na uombe mkojo upimwe. Usiondoke na jibu la malaria kama ubavu bado unauma.

Hali hiyo hiyo iko kwa kile kinachoitwa UTI. Mtu anatibiwa UTI mara nne, mara tano kwa mwaka, kila mara na dozi ya dawa kutoka duka la dawa. Maambukizi yanayorudi hivyo ni lazima yatafutiwe sababu, na jiwe ni mojawapo. Kuna vijidudu ambavyo vyenyewe hutengeneza mawe, nayo hukua haraka, yakatanda ndani ya figo yakiwa na matawi kama pembe za swala. Haya hayana maumivu makali. Figo inakufa polepole huku mgonjwa akisema ana kiuno tu. Kipimo cha ultrasaundi kinaweza kuliona jiwe la namna hiyo mapema.

Mtoto anayelia akikojoa

Wazazi, mawe ya watoto yana tabia zake. Mtoto wa kiume wa miaka 2 hadi 5 anayelia akikojoa, anayeruka-ruka, anayevuta uume wake kila mara, na ambaye mkojo wake unakatika ghafla katikati kisha unaendelea akibadili mkao, anaweza kuwa na jiwe kwenye kibofu. Wengine huchapwa kwa kushika-shika uume. Mtoto huyo hana tabia mbaya, ana maumivu.

Mawe ya kibofu ya watoto yalijulikana sana Ulaya zamani, yakatoweka chakula kilipoboreka. Katika miaka ya 1960 watafiti waliyachunguza kaskazini mashariki mwa Thailand, eneo la Ubon, ambako watoto walianza kulishwa wali wa kunata wakiwa na siku chache tu tangu kuzaliwa. Chakula cha nafaka tupu kisicho na maziwa wala protini ya kutosha, pamoja na kuharisha kunakomkausha mtoto, ndiyo udongo ambamo mawe haya huota. Ukiupeleka ushauri huo Kibondo unasomeka hivi: maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, pasipo uji wala maji. Baada ya hapo uji wa muhogo usiwe peke yake, utiwe unga wa dagaa, maziwa, yai au maharage yaliyopondwa. Mtoto akiharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti tangu siku ya kwanza. Jiwe la kibofu huondolewa kwa upasuaji usio mgumu, na chakula kikirekebishwa, kwa kawaida halirudi.

Mtoto mwenye sikoseli naye anahitaji jicho lingine. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli kila mwaka. Chembe zao nyekundu za damu hufa haraka, rangi yake humiminika kwa wingi kwenye nyongo, huungana na kalsiamu na kuwa mawe ndani ya mfuko wa nyongo. Kwa hiyo si kila maumivu ya tumbo ya mtoto huyu ni maumivu ya kawaida ya sikoseli. Yakikaa upande wa kulia chini ya mbavu, yakaja baada ya kula chakula chenye mawese mengi, na macho yakazidi kuwa ya njano, omba ultrasaundi.

Na neno moja kwa mzazi anayeamini sindano kuliko daktari. Seftriaksoni ni dawa nzuri sana kwa ugonjwa mkali. Lakini hushikana na kalsiamu, na kwa watoto inaweza kuacha tope au vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, wakati mwingine hata kwenye njia ya mkojo. Mara nyingi vinayeyuka wiki chache baada ya kuiacha, ila mtoto anakuwa ameumwa tumbo bure kwa sababu mafua yake yalitibiwa kwa sindano ya kazi kubwa. Ukiambiwa mtoto hahitaji sindano, usihamie duka la pili.

Chokaa isiyo jiwe

Mara kwa mara mtu huletewa majibu ya eksirei ya kifua yanayosema kuna kalsiamu kwenye pafu, naye anaanza kuaga ndugu. Mara nyingi hilo ni kovu. Mwili ukishindwa kukitoa kitu kilichokufa ndani yake, hukifunika kwa chokaa, kama tunavyopiga plasta ukuta uliobomoka. Kidonda cha kifua kikuu kilichopona zamani huacha alama ya namna hiyo. Daktari akihakikisha hakuna ugonjwa hai, kovu hilo haliondolewi wala halihitaji dawa ya kuyeyusha.

Kisa kigumu zaidi cha ufunikaji huu kilichapishwa mwaka 2023 katika jarida la kitabibu la BMC Women's Health, nacho kinatugusa. Ni cha mama wa Kikongo, mkimbizi, aliyehamishiwa Marekani akiwa na umri wa miaka 50. Alikuwa na maumivu ya tumbo na chakula kilikuwa hakipiti. Picha zilionyesha mtoto aliyefia tumboni na kugeuka chokaa, akibana utumbo. Ujauzito ule ulikufa miaka 9 kabla, alipokuwa mkimbizi hapa Tanzania. Kwa maelezo yake, aliporudi kliniki alikutana mlangoni na watu waliomwita mwovu aliyemuua mtoto wake. Akaogopa, akarudi nyumbani kusali. Marekani alishauriwa upasuaji akakataa, akiamini ugonjwa ulitokana na uchawi aliotupiwa. Alifariki miezi 14 baada ya kufika, utumbo ukiwa umezibwa na mwili umekwisha kwa utapiamlo.

Matukio kama hayo ni nadra sana, yaliyoandikwa duniani ni takriban 300. Sikulieleza ili mtu ajipapase tumbo usiku. Nimelieleza kwa ajili ya watu wa mlangoni: mlinzi, karani, mama mwingine kwenye foleni, hata sisi wa koti jeupe. Mama ambaye mtoto ameacha kucheza tumboni akija, apishwe aingie. Akitukanwa hatarudi.

Ukipewa rufaa

Hospitali ya wilaya au ya misheni inaweza kukupima mkojo na ultrasaundi, ikakutuliza maumivu na kuanza antibayotiki. Jiwe kubwa linahitaji mtaalamu wa njia ya mkojo, na hapo rufaa huenda Maweni mjini Kigoma, au mbali zaidi Bugando, Mwanza. Katika hospitali kubwa siku hizi mawe mengi huvunjwa kwa mionzi ya leza au mawimbi ya mshtuko, bila kisu kirefu. Dawa ya mitishamba inayodaiwa kuyeyusha kila jiwe haipo. Yapo mawe ya asidi ya yuriki yanayoweza kuyeyushwa kwa dawa, lakini ya kalsiamu, ambayo ndiyo mengi, hayayeyuki kwa kunywa chochote.

Ukirudi kutoka huko, uliza swali moja kabla ya kupanda basi: je, nimewekewa mpira ndani? Mara nyingi daktari huacha mpira mwembamba kati ya figo na kibofu ili mkojo upite. Mpira huo una tarehe ya kutolewa, kwa kawaida ndani ya miezi 3. Maumivu yakiisha, na nauli ya kurudi Mwanza ikawa tatizo, watu huusahau. Kalsiamu haiusahau: inauzunguka tabaka kwa tabaka mpaka mpira wenyewe unakuwa jiwe refu, na kuutoa kunahitaji upasuaji mkubwa kuliko ule wa kwanza. Andika tarehe kwenye kadi, mwambie mtu mwingine nyumbani aijue, na nauli ya kurudi iwekwe siku ile ile unaporudi. Kama haipatikani, mweleze daktari kabla hujaondoka, maana wakati mwingine anaweza kuchagua njia isiyohitaji mpira au kukupangia tarehe ya karibu.

Na kama unasubiri jiwe dogo litoke lenyewe, kojolea kwenye kopo kupitia chujio la chai ambalo halitatumika tena jikoni. Likitoka litakuwa dogo, la kahawia au jeusi, lenye ncha. Lioshe, likaushe, liweke kwenye karatasi na uje nalo. Mahali penye maabara inayoweza kulipima, jiwe hilo litatuambia kama tushughulike na chumvi, na maambukizi, au na asidi ya yuriki.